Stakabadhi kwa Jina la Shemeji

Mwaka 2014, msimu wa kusi ukiwa ndiyo kwanza unaanza, nilikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja. Mume wangu alifariki Ijumaa, tarehe 9 Mei, asubuhi, akazikwa alasiri ya siku ile ile. Nilikaa eda katika nyumba yetu ya Majengo miezi minne na siku kumi, nikatoka Jumatatu, tarehe 15 Septemba. Tarehe hizi sikuziuliza kwa mtu. Niliziandika mwenyewe, kila moja siku yake, katika daftari ambalo ninalo hadi leo.

Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka ishirini na tisa, katika darasa la watu wazima lililokuwa likikutana baada ya alasiri. Mtihani wa darasa la nane niliufanya nikiwa na miaka thelathini na mitatu, nimeketi kati ya watoto ambao ningeweza kuwazaa. Mwalimu wetu wa kwanza, mwanamke kutoka bara, alikuwa na sharti moja: kabla ya neno lolote, tarehe. Aliyesahau alirudishiwa daftari lake bila kusahihishwa. Mimi sikurudishiwa hata mara moja, na sioni haya kulisema.

Nyumba ya Majengo ni yangu. Ina vyumba vinne, ua, na paa la mabati. Mume wangu alikuwa hajanilipa mahari yangu tangu tuoane, na tarehe 3 Agosti 2009 alinikabidhi nyumba hiyo badala yake, kwa hati yenye mashahidi wawili. Kiwanja si changu, wala hakikuwa chake. Mombasa ndivyo tulivyo wengi: kuta ni zako, ardhi iliyo chini ya kuta ni ya mtu mwingine, nawe humlipa kodi ya kiwanja kila mwezi. Stakabadhi za kodi hiyo ndizo watu huzitazama wakitaka kujua nyumba ni ya nani. Wakala wa mwenye kiwanja chetu alikuwa mzee wa Kibokoni. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja kilichofungukia barazani, na kila aliyekwenda kulipa alilipa mbele ya wanaume walioketi pale wakinywa kahawa. Aliita jina kwa sauti, akaliandika, akaita kiasi, akakiandika. Mume wangu alipokuwa hai ni yeye aliyekwenda, na jina lililoitwa lilikuwa lake.

Kodi ya kwanza baada ya msiba ilitakiwa Alhamisi, tarehe 5 Juni 2014. Nilikuwa ndani. Fedha nilizifunga katika ncha ya leso nikampa mke wa shemeji yangu, aliyekuwa akija kunitazama kila siku, naye akampelekea mumewe. Shemeji huyu alikuwa mdogo wake marehemu, fundi wa kukarabati milango ya kuchonga, mtu wa mzaha tangu asubuhi. Alikwenda Kibokoni kulipa. Jioni mkewe alirudi na stakabadhi. Iliandikwa jina la shemeji.

"Mzee wakala aliuliza aandike nani," akanieleza. "Marehemu haandikwi. Na wewe u ndani ya eda, mume wangu akaona si adabu jina lako liitwe barazani, watu wamejaa. Akasema, andika langu. Ukitoka, litabadilishwa."

Nilishukuru. Sitajifanya kwamba niliona kasoro. Niliona ni heshima niliyofanyiwa, kwamba mwanamke mwenye msiba amesitiriwa, na nikaiweka stakabadhi ile pamoja na nyingine. Nilipotoka eda mwezi Septemba nilikuwa na mambo mengine, na kwenda kusimama mbele ya baraza ile kudai jina langu liitwe niliona ni kama kutafuta sifa. Shemeji akaendelea kulipa, na jina likaendelea kuwa lake. Kila mwezi tulisema mwezi ujao.

Sikujaaliwa mtoto, na riziki niliyoachiwa ilikuwa nyumba na mikono yangu. Mikono hiyo inajua kudarizi kofia. Jumapili, tarehe 10 Januari 2016, niliondoka kwenda Maskati, kwa mkataba, kufanya kazi katika duka la ushonaji. Nyumba niliifunga. Niliambiwa nipangishe, nikakataa. Sikutaka watu wengine wapike katika jiko langu. Mke wa shemeji alibaki na funguo, akawa anakwenda kila Ijumaa kufungua madirisha na kufukiza udi. Mimi nilituma fedha kila mwanzo wa mwezi: kodi ya kiwanja, na kidogo cha kuzibia paa. Zilikwenda katika simu ya shemeji, naye akazipeleka Kibokoni.

Huko nilikokuwa, huwezi kutuma fedha bila kusema ni za nini. Sheria yao inataka sababu, na karani wa duka la kubadilisha fedha ana orodha ya sababu katika kompyuta yake. Huchagua moja, nayo hutoka katika karatasi unayopewa. Karani wetu alikuwa kijana mpole kutoka Bara Hindi aliyezungumza Kiswahili cha kuokotaokota dukani. Kwa miaka miwili alinichagulia sababu ile ile aliyowachagulia wanawake wote wa kwetu: matumizi ya jamaa. Nilikuwa nikiisoma nikanyamaza.

Mwezi Januari 2018 mwanamke mmoja tuliyekuwa tukishona pamoja aliitwa na wenye mamlaka. Alikuwa akiwatumia wenzake fedha kwa kitambulisho chake, wale ambao vitambulisho vyao vimekwisha muda, na karatasi zake zote zilisema matumizi ya jamaa. Aliulizwa ana jamaa wangapi. Hakuiba hata senti ya mtu, lakini karatasi zilisema jambo moja na fedha zilifanya jingine, na baada ya wiki chache alirudishwa kwao. Wengi walilia. Mimi nilikaa nikazitoa karatasi zangu zote, nikazipanga kwa tarehe, na nikaamua kwamba kuanzia hapo zitasema ukweli.

Alhamisi, tarehe 1 Februari 2018, nilimwambia karani, "Hii si matumizi ya jamaa. Hii ni kodi ya kiwanja."

"Mama, hii kuandika tu. Serikali kufurahi, basi."

"Andika kodi ya kiwanja."

Akazungusha kompyuta nione. Orodha ilikuwa na zawadi, mkopo, ada ya shule, matibabu, na kodi ya nyumba. Kodi ya kiwanja haikuwamo, kwa kuwa hakuna aliyeitunga orodha ile akifikiria Majengo. Nikamwambia achague kodi ya nyumba. Niliona ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli. Nilitoka pale nimeridhika na nafsi yangu.

Nilimtumia shemeji picha ya karatasi, kama nilivyozoea. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti, na nyuma yake nilisikia randa ikipita juu ya mbao.

"Shemeji, leo nimepandishwa cheo. Karatasi yasema wanilipa kodi ya nyumba. Kumbe mimi ndiye mwenye nyumba wako, na siku zote hukuniambia. Basi mpangaji wangu, usichelewe mwezi ujao, nisije nikakung'olea mlango. Milango ndiyo kazi yangu, wajua."

Mke wa kaka na mdogo wa mume, kwetu, wana haki ya kutaniana, na asiyejibu huonekana amenuna. Mimi sikupenda kusema katika simu mbele ya wenzangu wa kazini. Niliandika. Niliandika tarehe kwanza, kama nilivyofundishwa, kisha nikaandika: "Mwenye nyumba wangu, nimepokea onyo lako. Paa la chumba cha nyuma linavuja. Lini utaliziba, au nihame?"

Mzaha huu ulituchukua miaka mitatu. Kila mwezi nilituma fedha, karatasi ikasema kodi ya nyumba, naye akaniita mpangaji wake, mtu wa kuhama bila notisi. Hata watoto wake, nikipiga simu ya Idi, waliambiwa, "Njooni mumsalimie mpangaji wangu."

Shemeji alifariki Jumatano, tarehe 17 Machi 2021. Safari zilikuwa ngumu wakati ule, nami sikuweza kumzika. Mkewe akaingia eda. Mwezi Aprili nilituma fedha katika simu ya mwanawe mkubwa, karani wa ofisi moja ya bandarini, kijana aliyenipenda na ninayempenda. Alinipigia siku ya pili.

"Mama mkubwa, shukrani. Lakini hii kodi sasa si ya baba tena, ni ya warithi. Nyumba ya Majengo nimeitia katika orodha ya mirathi. Tuko sita, hapana wa kumnunulia mwenziwe, basi itauzwa tugawane. Nimeona nikwambie mapema, upate pa kuweka vitu vyako."

Nilimwambia nyumba ni yangu.

"Ilikuwa yako, mama mkubwa, hakuna asiyejua. Lakini si ulimuuzia baba mwaka ule wa msiba, ukaweka akiba ya nauli ya Maskati? Risiti zote tangu 2014 zina jina lake. Na wewe mwenyewe ukimlipa kodi. Kila mwezi nikisikia kwa masikio yangu."

Hakuwa akinidhulumu. Ningependa hilo lieleweke. Alikuwa amezisoma karatasi kwa uangalifu, kama ambavyo ningezisoma mimi, na zote zilikuwa zimekubaliana. Hati yangu ya 2009 ilithibitisha tu kwamba nyumba iliwahi kuwa yangu. Na kama ingeuzwa, nisingekuwa na pa kurudi. Mkataba wangu wa kazi ulikuwa wa kumalizika mwisho wa mwaka, na kwa umri wangu haukuwa wa kuandikwa tena.

Nilifika Mombasa Jumanne, tarehe 8 Juni 2021. Funguo nilizikuta kwa mke wa shemeji, huko Kibokoni, naye amekaa eda katika chumba cha ndani, kavaa nyeupe. Nilikaa naye tangu alasiri hadi magharibi. Tulizungumza juu ya marehemu, juu ya mzigo wa mbao uliobaki karakanani, juu ya dirisha la Majengo lililovunjika bawaba. Kuhusu leso, na Alhamisi ile, na jina lililoandikwa, hatukusema neno. Yeye ndiye mtu pekee aliyebaki hai anayejua kwa nini jina lilibadilishwa. Mzee wakala alikuwa amekufa miaka minne nyuma, mwanawe ameshika kazi, na vitabu vya nakala vya mwaka 2014 vilikuwa vimeliwa na mchwa. Nilikwenda nikaonyeshwa magamba matupu ya vitabu.

Sikumwomba anishuhudie. Kuniunga mkono kulikuwa kuwanyima wanawe, na yeye mwenyewe, fungu lao. Mwanamke mjane hupewa thumuni pale penye watoto, na thumuni ya nyumba nzima si kitu cha kumwomba mtu akuachie akiwa ndani ya eda, mbele ya kikombe chake cha kahawa. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Ya pili ni kwamba sijazoea kuomba.

Niliposimama kuaga, alisema, "Hukunambia lililokuleta."

"Nimekuja kukutazama."

"Haya," akasema. "Basi umenitazama."

Shauri liliitwa katika mahakama ya kadhi Alhamisi, tarehe 1 Julai. Niliwasilisha hati yangu na karatasi za Maskati, sitini na tatu, zimetobolewa na kufungwa kwa uzi kufuata tarehe. Kijana akawasilisha stakabadhi za Kibokoni, na simu ya baba yake. Kadhi alikuwa mtu wa maneno machache. Alizifungua karatasi zangu, akafika Februari 2018.

"Hapa ulikuwa ukituma matumizi ya jamaa. Kisha ukaanza kutuma kodi ya nyumba. Nani aliibadilisha sababu?"

"Mimi, sheikh."

"Kwa hiari yako?"

"Kwa hiari yangu. Nilitaka ziseme ukweli."

Akachukua ile simu, akasoma kwa sauti, bila kutabasamu, ujumbe wangu: tarehe 1 Februari 2018, mwenye nyumba wangu, nimepokea onyo lako. Akasoma wa mwezi uliofuata. Akasoma na wa mwezi uliofuata huo. Nyuma yangu mtu alicheka akajifanya anakohoa. Nilikuwa nikiyasikia maneno yangu, yameandikwa sawasawa, kila nukta mahali pake, na sikuweza kumlaumu mtu yeyote kwa yaliyosomwa.

"Ulikuwa mzaha, sheikh. Ni shemeji yangu."

"Naelewa utani wa shemeji," akasema. "Lakini simu haina namna ya kuonyesha kwamba mtu anacheka. Kuna aliyekuwapo jina lilipobadilishwa?"

Kijana ndiye aliyejibu, na hilo nitamkumbukia daima. Alisema, "Mamangu alikuwa akipeleka salamu kati yao wakati ule. Lakini yuko eda."

Kadhi akasema eda haikatizwi kwa jambo linaloweza kungoja, akaahirisha hadi Alhamisi, tarehe 12 Agosti.

Eda yake ilimalizika siku chache baada ya Idi Kubwa. Nilikwenda kumtoa, pamoja na wanawake wengine wa ukoo, tukapika, tukamtia hina. Hakuniuliza kitu, nami sikumuuliza. Usiombe kunifahamu zaidi ya hapo. Nilikuwa nimeshafunga masanduku mawili Majengo, kwa kuwa niliona ni bora kuhama kabla ya kuambiwa.

Tarehe 12 Agosti alikuja kwa miguu kutoka Kibokoni, kavaa buibui jipya, na mkononi kashika leso iliyokunjwa. Alipoulizwa anajua nini, aliikunjua leso mbele ya kadhi. Ilikuwa yangu. Nilikuwa nimemwachia siku ile ile ya 2014, nikaisahau.

"Fedha zilifungwa hapa," akaonyesha ncha. "Nilizipeleka mimi. Mume wangu akaenda, akarudi, akanambia jina la shemeji yake amelisitiri, kaandikisha lake. Nikamwambia, wewe, utasahau kulibadilisha. Akanambia, mimi nitalisahau vipi jina langu mwenyewe?"

"Hapakuwa na mauzo?"

"Mauzo yatoke wapi, sheikh? Yule bwana alikuwa na deni hata la msumari. Angenunua nyumba kwa fedha gani?"

Safari hii kicheko hakikufichwa. Kadhi akangoja kinyamaze.

"Wajua unachopoteza kwa kusema haya?"

"Najua. Thumuni yangu. Na ya wanangu pamoja." Kisha akanigeukia mimi, si kadhi. "Nimefungua madirisha ya nyumba ile miaka mitano, kila Ijumaa, hadi nilipoingia eda. Hakuna Ijumaa hata moja niliyofikiri nafungua madirisha yangu. Ungeniuliza siku ile ungejua, ukalala usingizi."



Kadhi akamuuliza kijana kama yeye na nduguze wanaukubali ushahidi wa mama yao au wanaupinga. Kijana aliomba muda wa kusema na wenziwe. Alipewa. Wiki ya tatu alikuja Majengo, akakuta masanduku mlangoni, akaketi juu ya moja.

"Tumekubaliana, mama mkubwa. Sote sita tumetia saini." Akaitazama kamba niliyofungia. "Lakini baba alisema kweli. Ungehama bila notisi."

Uamuzi ulitolewa Alhamisi, tarehe 9 Septemba 2021: nyumba iondolewe katika orodha ya mali ya marehemu, na ijulikane kuwa ni ya mwenye hati ya tarehe 3 Agosti 2009. Nilipewa nakala yenye muhuri kabla ya adhuhuri. Sikwenda nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja Kibokoni, na mke wa shemeji akafuatana nami, kwa kuwa ndiyo njia ya kwake.

Barazani palikuwa na wazee wanne na muuza kahawa. Wakala kijana aliisoma nakala yote, akafungua kitabu kipya cha stakabadhi.

"Naandika nani, bibi?"

Mke wa shemeji alisimama kando yangu akitazama mbele, kama mtu anayesubiri zamu yake dukani. Nikalitaja jina langu, na la baba yangu, na la babu yangu, kwa sauti ile ile ambayo mzee wakala alikuwa akiitia majina. Mmoja wa wazee akashusha kikombe.

"Kumbe ndilo jina lako?" akasema. "Miaka yote hii twakujua kwa mke wa fulani."

"Ndilo," nikamjibu.

Wakala alikuwa ameshaanza kuliandika. Nikamwomba asite kidogo, aanze na tarehe.